Kupanda Hori ya Mida kwa Kayaki, Maji Yakijaa

Ukifika Watamu, karibu kila mtu atakuelekeza baharini, kwenye matumbawe na mchanga mweupe. Mwongozo huu unakupeleka upande wa pili, nyuma ya mji, ambako bahari imepenya kwenye mlango mwembamba, ikawa mto wa maji ya chumvi, kisha ikatanda katikati ya misitu ya mikoko. Hiyo ndiyo hori ya Mida, katika Kaunti ya Kilifi, kama kilomita 100 kaskazini ya Mombasa. Kwenye ramani na mabango utaikuta imeandikwa Mida Creek. Hakuna mto wa kudumu unaoingia humo. Maji matamu hupenyeza kutoka chini ya ardhi tu, na kinachopeleka maji huku na huko ni bahari yenyewe, inayojaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku.

Ndiyo maana siku ya kayaki hapa yaweza kuwa nyepesi hata kwa mtu asiye na kifua cha baharia, alimradi aipange kwa kufuata maji. Ingia yakijaa, yatakubeba. Pumzika yakisimama. Geuka mara yanapoanza kupwa, yatakurudisha. Anayeyapinga huchoka katika saa ya kwanza, na anayechelewa kugeuka hubaki juu ya tope, mkondo umemkimbia, akingoja maji ya jioni.

Anza na mwezi

Usichague siku kwa sababu ni Jumamosi. Tazama kwanza kalenda ya mwezi, hata ile ya Kiislamu inayotundikwa misikitini na madukani, kwa kuwa inakuambia karibu yote unayohitaji. Mwezi ukiandama, na tena unapokuwa mpevu, yaani kama mwezi 1 na mwezi 15, ni wakati wa bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, kama mwezi 8 na mwezi 22, ni maji mafu. Hapo tofauti ni mita moja na ushei, mkondo ni mpole, na yakipwa hayaachi hori tupu.

Kuna jambo la pili ambalo wavuvi wa mwambao huu wanalijua bila kutazama jedwali. Siku za bamvua, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na tena jioni, na hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kwa hiyo mgeni anayekuja siku ya mwezi mpevu na kuamka taratibu, akanywa chai, akateremka ufukweni saa 4, atakuta uwanja wa tope na mikoko iliyosimama juu ya mizizi mitupu. Siku za maji mafu ni kinyume: maji hujaa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Huo ndio wakati wa mtu anayetaka siku ya starehe. Chukua kati ya mwezi 7 na 10, au kati ya 21 na 24. Utaingia asubuhi jua likiwa bado na huruma, utafika ndani maji yakiwa kileleni, na utarudi mchana bila haraka.

Kwa anayeanza, mimi nitasema moja kwa moja: maji mafu, na si vinginevyo. Aliyekwisha kuzoea aweza kwenda mwezi 11 au 12, maji yanapojaa alasiri na kuingia ndani zaidi, kwenye vijito ambavyo maji mafu hayavifikii. Lakini huyo atarudi jua likishuka, na lazima awe anajua njia.

Kalenda inakupa siku. Saa yenyewe itafute kwenye jedwali la maji la Kilindini, linalopatikana kwenye simu na kwenye vitabu vidogo vinavyouzwa Mombasa. Kumbuka kwamba jedwali linahesabu maji ya bahari ya wazi. Ndani ya hori maji hufika yamechelewa, kwa sababu yote lazima yapite kwenye mlango mmoja, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo yanavyozidi kuchelewa. Mvuvi wa Dabaso atakuambia kwa usahihi zaidi kuliko simu. Muulize hivi: "Leo maji yanasimama saa ngapi huku ndani?"

Maji hayapandi kwa kasi moja. Chukua tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa, uigawe mafungu 12. Katika saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza yatapanda sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne yatapanda sentimita 90 kila moja. Yakipwa hushuka kwa mpango huohuo. Hesabu hii ni ya makadirio, na katika hori yenye mlango mwembamba haikai sawasawa, ila inakufundisha mambo mawili. Nguvu za mkondo ziko katikati, si mwanzo wala mwisho. Na saa moja baada ya kujaa bado una maji ya kutosha chini yako, ilhali saa tatu baadaye yanakimbia.

Panga basi hivi: ingia majini saa mbili na nusu hadi tatu kabla ya kilele, na uwe umekwisha kugeuka nusu saa baada ya kilele, usizidishe saa nzima. Ratiba yote ndiyo hiyo.

Upepo nao una neno lake. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, na mvua za masika huanguka katikati yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Pepo zote mbili hupata nguvu mchana. Miezi mizuri kuliko yote ni Oktoba na Novemba, halafu tena mwisho wa Februari na Machi, wakati upepo umelegea na ndege wahamiaji wangali wapo. Hata katika miezi ya upepo, asubuhi mapema kuna umande, ule upepo mwororo wa kutoka bara, na hori huwa imetulia tuli.

Chombo na vya kubeba

Kayaki za kukodi zinapatikana Watamu kwenye baadhi ya hoteli, nyumba za wageni na vilabu vya michezo ya majini. Omba ya kukaa juu, ile iliyo wazi yenye matundu ya kutolea maji, wala si ile ya kuingiza miguu ndani. Katika joto letu hii ya wazi haikupiki, na ukipinduka unaipanda tena bila kufundishwa na mtu. Ya watu wawili inafaa kwa mtu na mwenzake au mzazi na mtoto. Mwenye nguvu akae nyuma, kwenye tezi, kwani huko ndiko kunakoongozwa.

Jaketi la kuokoa maisha livae, ulifunge. Usilikalie kama mto. Litakalokufaa ni lile ambalo ukivutwa mabegani halipandi hadi masikioni. Pamoja nalo chukua kipenga na kamba ya mita chache ya kufungia kayaki kwenye gogo au nguzo, kisha simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Viatu usiviache. Chaza wamejigandisha kwenye mizizi ya mikoko na kwenye mawe, na makombe yao hukata mguu mara moja. Raba kuukuu zenye kamba zinatosha. Ndara zitamezwa na tope hatua ya kwanza. Vaa shati la mikono mirefu na kofia yenye kamba ya kidevuni, maana jua la juu ni moja na lile linaloakisiwa na maji ni la pili. Maji ya kunywa yasipungue lita 2 kwa kila mtu. Chakula ni hiari yako. Mimi huona mahamri, tende na muhogo wa kuchemsha vinafaa kuliko mkate wa kupaka, kwa sababu haviharibiki kwa joto na huliwa kwa mkono mmoja.

Kafi la kayaki lina pande mbili. Lishike mikono ikiwa wazi kuzidi kidogo upana wa mabega, ulitumbukize karibu na vidole vya miguu, ulitoe ukifika kwenye nyonga. Kosa la karibu kila mwanzilishi ni kuvuta kwa mikono mitupu. Zungusha kiwiliwili: bega la kushoto liende mbele kafi la kushoto linapoingia, kisha mgongo ndio uvute. Shikilia kwa vidole bila kukaza. Ukiona viganja vinaanza kuchubuka, unakaza mno.

Kabla ya kuondoka jaribu kupinduka mara moja, kwenye maji ya kifuani karibu na ufuko. Kupanda tena ni hivi: igeuze kayaki ikae sawa, jiweke kando yake katikati, piga miguu kama unayeogelea hadi mwili uelee, jivute ulale kifudifudi juu yake, halafu geuka ukae na mwisho uingize miguu. Mara mbili tatu za mazoezi zitakuondolea hofu ya siku nzima.

Kuingia na maji

Pa kuanzia pazuri ni Dabaso, upande wa kaskazini wa hori. Hapo kuna mkahawa wa kikundi cha wenyeji uliojengwa juu ya nguzo katikati ya mikoko, unaojulikana kwa jina la Crab Shack, na njia ya mbao inayoteremka hadi majini. Omba ruhusa ya kushushia chombo chako, na agiza chakula cha kurudia kabisa, ili wajue unatarajiwa saa ngapi. Kumwachia mtu wa nchi kavu saa yako ya kurudi ni usalama mkubwa kuliko kifaa chochote utakachobeba.

Unapoingia majini, elekea ndani, upande wa Mida na magharibi, na uipe kisogo Watamu na mlango wa bahari. Hili si la kujadiliwa kwa mwanzilishi. Kwenye mlango maji yote ya hori hupita mahali pamoja, na yakipwa mkondo ni mkali kiasi cha kumtoa mtu nje kuelekea mwambani, huku upepo wa bahari ukigongana nao na kuinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Hata mashua yenye injini huheshimu pale.

Mwendo wako uwe wa kukaa pembeni mwa mkondo, si katikati. Katikati maji yanakwenda kasi, na siku za wikendi mashua za utalii nazo hupita humo. Pembeni, karibu na mikoko, kuna kivuli na kuna mambo ya kutazama. Pumzisha kafi mapajani mara kwa mara. Utashangaa unavyoendelea kusogea.

Jifunze kuisoma mikoko, kwa kuwa ndiyo ramani yako. Ule unaosimama mbele kabisa, miguu ndani ya maji, na vijiti vinene vya mizizi vikichomoza juu ya tope kuuzunguka, ni mlilana. Palipo na mlilana, bahari hufika kila siku, na mkondo wenye kina hauko mbali. Nyuma yake unafuata mkoko wenyewe, wenye mizizi ya kujipinda kama matao, na matunda marefu ya kijani yanayoning'inia hadi yaanguke na kujichoma topeni. Nyuma zaidi, juu kidogo, upo mkandaa, mfupi na wa kushikana, unaofikiwa vyema na maji makubwa tu. Kwa hiyo ukijikuta unapiga kafi katikati ya mikandaa, furahi, lakini geuka upesi: upo mahali ambapo maji hukaa muda mfupi na kuondoka kwanza. Mchu, wenye majani ya kijivujivu kwa chini, usiutegemee. Huota mbele baharini na nyuma nchi kavu pia, hivyo hauwezi kukuambia uko wapi.

Miti hii ilijenga miji yetu. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari za Lamu, Mombasa na Unguja, na majahazi yalizipeleka kwa misimu mingi hadi Oman na Ghuba, nchi zisizo na miti mirefu. Gome la mkandaa lilitumika kutia rangi na kulainisha ngozi, na mlilana ulitoa mataruma ya mashua. Leo hairuhusiwi kukata ovyo. Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, na eneo la Malindi na Watamu likatambuliwa na UNESCO mwaka 1979 kuwa hifadhi ya mazingira ya binadamu na viumbe. Usivunje tawi hata la kujikingia jua.

Chini yako, palipo na nyasi za bahari na maji ya kupenya macho, angalia kasa wachanga wanaokuja kulisha humu hadi wakue. Ukimwona mmoja, acha kupiga kafi. Atainua kichwa, avute pumzi, azame tena. Ukimfuata utamnyima pumzi hiyo. Kwenye kingo za tope utaona kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakilipunga, na samaki wanaotembea juu ya tope kwa mapezi.

Utakutana na wavuvi. Salimu wewe kwanza, kwa sauti, kabla ya kuwakaribia, na mwenye umri mpe heshima yake, "Shikamoo mzee". Kisha uliza upite upande gani, kwa maana wavu ulio chini ya maji huuoni. Uzio wa fito uliochomekwa topeni ni mtego wa mtu, na dema lililofungwa kwenye boya ni chakula cha nyumba ya mtu. Zunguka mbali. Ukiwa na nafasi ya kuzungumza, mvuvi mmoja atakuambia habari za mafungu ya mchanga yaliyohama mwaka huu ambazo hakuna ramani inayozijua. Wapo pia vijana wa vijijini wanaoongoza wageni kwa malipo. Safari ya kwanza mchukue mmoja, ukubaliane naye bei kabla ya kushuka majini.

Maji yakisimama

Ukifika upande wa Mida utaona daraja la mbao na kamba lililoning'inizwa ndani ya mikoko, likiishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege mbele ya uwanja wa tope. Funga kayaki yako mahali isipoweza kugonga nguzo, na uiachie kamba nafasi, kwa kuwa maji yatashuka na chombo kilichofungwa kwa kamba fupi hubaki kimening'inia. Uliza kama daraja limefunguliwa siku hiyo, lipa kiingilio, upande.

Saa hii ya maji kusimama ndiyo kiini cha safari, na wengi huipoteza kwa kupiga picha. Kaa. Tope lote limefunikwa, kwa hiyo ndege wa pwani hawana pa kula; wamekusanyika kwenye vijisehemu vikavu vilivyobaki, wamesimama mguu mmoja, wamelala. Kuanzia Oktoba hadi Aprili wako kwa wingi: vitwitwi wa kila namna, wengine waliotoka Siberia na nyika za Asia ya Kati, na sululu wenye midomo iliyopinda. Mtafute hasa yule mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kuliko kiasi. Huyo ni ndege mla kaa, Dromas ardeola, na Mida ni moja ya mahali bora Kenya pa kumwona. Huzaa kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, tena kwa kuchimba shimo mchangani na kutaga yai ndani, jambo ambalo ndege wenzake wa jamii ya pwani hawalifanyi. Akishalea huko, huja kukaa nasi.

Usiwakaribie kwa kayaki. Kundi likiinua vichwa wote pamoja, umefika mwisho, rudi nyuma. Kila wanaporuka bure wanachoma mafuta wanayoyaweka kwa safari ya maelfu ya kilomita, na mtu mmoja mwenye simu aweza kuwarusha mara nyingi katika asubuhi moja. Naliona hili ni kosa kubwa kuliko kutupa takataka, kwa sababu anayelifanya huenda akiridhika.

Kula hapa, kivulini. Maganda na karatasi virudi kwenye mfuko wako.

Kurudi, na yanayoweza kuharibika

Alama ya kugeuka iko kwenye mizizi. Ukiona ukanda wa unyevu juu ya maji, hata wa upana wa vidole viwili, yameanza kupwa. Ondoka. Njiani sasa fanya kinyume cha asubuhi: acha pembeni, sogea karibu na mkondo, maana pembeni ndiko kunakokauka kwanza na njia za mkato ulizopita asubuhi hazipo tena. Fuata maji yanakokusanyika. Uso wake hukuambia: palipo na kina rangi huwa nzito na mkondo hulainika, palipo na fungu rangi hugeuka njano na maji hutetemeka. Dabaso iweke machoni mapema na uanze kuvuka kuelekea ukingo wake kabla hujafika usawa wake, la sivyo mkondo utakupitisha kuelekea mlangoni.

Ukikwama, usiruke chini. Tope la mikokoni humeza mguu hadi gotini na zaidi, na anayejitahidi kuutoa huzamisha wa pili. Kaa kwenye kayaki, sukuma kwa kafi kurudi ulikotoka, si kwenda mbele. Ikishindikana, tulia, kunywa maji, jifunike, mpigie uliyemwachia saa yako. Maji yatarudi baada ya saa kadhaa. Hatari yako hapo ni jua na kiu, wala si kuzama.

Penye mchanga wa kutembeka, buruta nyayo bila kuziinua. Taa hujifukia mchangani, na ukimgusa ubavuni atakimbia, lakini ukimkanyaga mgongoni atakuchoma kwa mwiba. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza makali ya sumu. Kisha nenda hospitali, kwani kipande cha mwiba chaweza kubaki ndani. Mkato wa chaza nao usiudharau. Uoshe kwa maji matamu na sabuni siku hiyohiyo.

Ukisikia radi, toka majini. Mtoto na asiyejua kuogelea wasipande peke yao hata siku ya maji mafu.

Maarifa haya ya mwezi na maji yatakufaa pia Kilifi, Mtwapa, na Chwaka kule Unguja, ukiyapatanisha na jedwali la mahali penyewe. Usiyapeleke kwenye mito mikubwa. Sabaki, kaskazini tu ya Malindi, una viboko na mamba hadi karibu na baharini, na Wami na Rufiji vilevile. Huko kayaki si chombo.

Fedha

Ada ya hifadhi hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori Kenya, KWS, nalo hupokea malipo kwa njia ya mtandao; angalia viwango vya sasa kabla ya safari, maana hubadilika, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Usafiri ni rahisi: matatu za barabara ya Mombasa na Malindi hukushusha njia panda ya Gede, na kutoka hapo bodaboda au tuktuk hukufikisha Dabaso.

Ukirudi, kula pale ulipoanzia. Sambusa za kaa za Dabaso zinastahili sifa zake, na kikundi kinachozipika ndicho hichohicho kinacholea kaa na kuitunza mikoko unayoitazama ukila. Kiingilio cha daraja la Mida nacho kina kazi yake: shirika la A Rocha Kenya, kupitia mpango wake wa ASSETS, huelekeza mapato ya namna hiyo kwenye karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hii. Basi usiombe kupunguziwa bei, usipite kwa mlango wa nyuma, na udai risiti.